Sijapona, na Bado Napendwa

Watu wa mtaa wa Majengo walimfahamu Ida Mapunda kwa mambo mawili: mkono wake mwepesi kwenye cherehani, na kifafa. La kwanza walilisema mbele yake. La pili walilisema akishapita.

Kifafa kilimshika mara ya kwanza akiwa msichana wa shule, mstarini asubuhi, wenzake wakiimba. Haukupita muda mrefu shule ikamwishia. Hakuna mwalimu aliyemfukuza. Ni mama yake mwenyewe, Aurelia, aliyemwambia akae nyumbani, maana wanafunzi walikuwa wakitawanyika hata akipiga chafya. Nyumbani nako akatengewa sahani yake, kikombe chake, na mahali pake pa kukaa. Aurelia hakuwa mama mbaya. Alizunguka na binti yake kwa waganga mpaka upande wa Tunduru, wakamchanja, wakamfukiza. Lakini aliamini, kama wengi walivyoamini, kwamba povu la mgonjwa wa kifafa likikugusa nawe umekwisha. Ida alipoanguka, mama alisimama mlangoni akilia, na hapo mlangoni ndipo alipobaki mpaka mwanawe azinduke peke yake.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mitumba ikafurika mjini, suruali za Wazungu zenye miguu mirefu kama nguzo, na kila aliyenunua alihitaji fundi wa kuipunguza. Ida alikuwa amejifunza kushona kwa masista. Akakodi pembe ya baraza moja pale Majengo, akaweka cherehani, akaanza kupata wateja. Walimtupia nguo na kusimama mbali. Yeye alishona tu. Moyoni alikuwa ameshafika mahali pa kuamini kwamba mtu hupendwa akiwa hana kasoro, na yeye kasoro anayo.

Pamoja na mitumba vikaja vipaza sauti. Wahubiri kutoka mikoa mingine walipiga mikutano viwanjani, na mji mzima ukaenda kutazama, Wakatoliki, Waanglikana, hata Waislamu waliosimama pembeni kwa heshima. Mwaka elfu moja mia tisa tisini na tatu, Aurelia akamshika binti yake mkono, akampeleka mbele. Mhubiri alikuwa kijana wa suti, mwenye sauti ya kubembeleza. Akamwekea Ida kiganja kichwani, akakemea, watu wakapiga vigelegele.

"Umepona!" akasema. "Unaamini?"

"Naamini."

"Una dawa?"

Ida alikuwa nazo, vidonge alivyokuwa akipewa hospitali, amevifunga kwenye pindo la khanga.

"Kama unaamini, vitupe."

Akavitupa. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Aurelia akambusu binti yake shavuni mbele ya watu, jambo ambalo Ida hakukumbuka kufanyiwa tangu utotoni. Akarudi nyumbani akilia kwa furaha, si kwa ajili ya kupona, kwa ajili ya lile busu.

Haikupita wiki. Alikuwa amechuchumaa akikoroga mboga, akaangukia jiko la mkaa. Jirani aliyesikia harufu ndiye aliyemvuta. Mkono wa kushoto ukaungua kuanzia vidole mpaka kiwiko.

Akiwa bado amefungwa bandeji wodini, wakaja watu wawili wa yule mhubiri. Wakasimama miguuni pa kitanda.

"Dada, imani yako ilikuwa ndogo," mmoja akasema. "Au kuna dhambi umeificha. Mungu hawezi kushindwa, kwa hiyo aliyeshindwa ni wewe."

Ida akamtazama mama yake. Alitaka mama aseme neno, lolote. Aurelia akainamisha kichwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kama kuna kitu umekificha, kiseme."

Ida akageukia ukuta. Hakulia. Alijisemea kwamba basi imekwisha. Kama hata Mungu anampenda kwa masharti, na masharti yenyewe yamemshinda, hana tena pa kwenda.

Siku hizo wodi ilijaa, wagonjwa wakilala wawiliwawili. Muuguzi alipotaka kumhamishia Ida kwenye kitanda cha mwenzake, kila mwanamke alikuwa na sababu. Huyu ana kidonda, huyu ana mimba, huyu ameota ndoto mbaya. Ndipo bibi mmoja mkavu kutoka Matogoro, kule mlimani, aliyelazwa kwa kifua na kugombezwa kila siku kwa kuvuta ugoro, akasogea ukutani.

"Mleteni hapa," akasema. "Mimi nimekonda, tutaenea."

Aliitwa Brigita.

"Shikamoo, bibi," Ida akasema. "Wamekwambia nina nini?"

"Marahaba. Wameniambia mpaka nimechoka. Lala."

Mchana wa kesho yake kifafa kikamjia. Alipozinduka alijikuta amelala kwa ubavu, kichwa kiko mapajani mwa yule bibi, na bibi anamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake mwenyewe. Wanawake wengine walikuwa wamejibana upande wa dirishani. Ida akajaribu kunyanyuka.

"Bibi, umegusa povu!"

"Nimegusa."

"Utaugua!"

"Nitalowana tu. Tulia."

Uji ulipoletwa, Ida akanywa nusu kikombe, akakiweka chini mbali kama alivyozoea. Bibi Brigita akakichukua, akamalizia uliobaki, akalamba mdomo. Ida akashikwa na hasira ambayo mwenyewe hakuielewa.

"Kwa nini unafanya hivi? Unataka nini kwangu?"

"Nikutake nini, wewe? Una nini?"

"Sina kitu. Hata imani sina. Wamesema ni ndogo."

Bibi akatafuta kikopo chake cha ugoro chini ya mto, akamwona muuguzi, akakirudisha.

"Ulibatizwa lini?" akauliza.

"Nikiwa mchanga."

"Siku hiyo ulikuwa na imani kiasi gani?"

Ida akamgeukia.

"Ulikuwa unanyonya na kujikojolea," bibi akasema. "Labda ulimkojolea na padri. Hukuwa umesali hata sala moja, hukuwa umetenda jema hata moja. Na siku hiyo Mungu akasema, huyu ni wangu. Hakusema akipona atakuwa wangu. Mimi sijasikia kwamba amebadili neno. Wewe umesikia?"

"Kama ananipenda, kwa nini asiniponye?"

"Sijui." Akakohoa kwa muda mrefu, akashika mbavu. "Na mimi namwuliza habari ya kifua hiki, hanijibu. Lakini kupendwa napendwa. Hayo mawili nilishaacha kuyachanganya. Yesu mwenyewe alipokuwa pale msalabani, watu walimwambia nini? Kama Mungu anakupenda, shuka. Hakushuka. Basi nawe ukiambiwa, kama Mungu anakupenda, pona, ujue maneno hayo yalikuwapo zamani, na waliokuwa wakiyasema hawakuwa marafiki zake."

Ida akalia hapo, kwa sauti, mbele ya wodi nzima. Baadaye alipojaribu kueleza kilichompata alishindwa. Hakuona nuru wala kusikia sauti. Alisema tu kwamba alijisikia kama mtu aliyesimama barabarani miaka yote akingoja kuitwa, kumbe ndani alikuwa ameshawekewa nafasi tangu hajazaliwa. Siku ile alisali sala ya ajabu: "Basi kama ni hivyo, usinifanyie kitu. Nipende tu, nami nitakuona."

Bibi Brigita hakutoka wodini. Kifua kilimshinda kabla ya mvua. Ida, mkono ukiwa bado na bandeji, alipanda Matogoro kumzika, akatupa udongo pamoja na watoto wa bibi.

Aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine, na nyumba haikufurahi. Alimeza vidonge vyake mbele ya kila mtu. Jioni ya kwanza mama alipoandaa ugali na dagaa wa Nyasa, Ida akavuta kigoda mpaka penye sahani kubwa, akanawa, akamega. Aurelia akautoa mkono wake sahanini.

"Ida, sahani yako iko pale."

"Naiona, mama."

"Unataka kutuua?"

"Nataka kula na mama yangu. Ukiondoka sitakasirika. Nitakupenda hivyo hivyo ulivyo, na uoga wako. Lakini mimi sihami tena."

Aurelia akainuka, akalala na njaa. Ikawa hivyo siku nyingi, mmoja anakula, mwingine anasusa, hakuna anayekubali kushindwa.

Barazani nako akaanza utaratibu mpya. Mteja akifika, kabla ya kupimwa suruali, aliambiwa: "Nina kifafa. Nikianguka usikimbie, na usinitie kijiko mdomoni. Vuta cherehani pembeni, nilaze ubavu, ningoje." Wengine walichukua nguo zao wakaenda. Waliobaki, walibaki kweli. Na ule mkono wenye makovu, ambao mama alimshonea shati la mikono mirefu ili aufiche, aliuacha wazi juani.

Kiangazi kilichofuata, mhubiri yule akarudi. Uwanja ule ule, suti nyingine. Siku ya mwisho akaita walioponywa mwaka uliopita waje kushuhudia. Ida alikuwa amesimama mbele kabisa. Akapanda jukwaani. Mhubiri akamtambua nusunusu, akafurahi, akampa kipaza sauti.

"Dada, waambie! Bwana amekutendea nini?"

Ida akakishika kwa mkono wa kulia. Akainua mkono wa kushoto, watu wa mbele wakaona.

"Niliambiwa hapa nitupe dawa, nikatupa, nikaangukia moto," akasema. "Nikaambiwa Mungu ameniacha kwa kuwa imani yangu ndogo. Leo nimekuja kushuhudia. Sijapona. Juzi nimeanguka sokoni. Na Mungu ananipenda. Alinipenda nikiwa kwenye moto, ananipenda povu likinitoka, na hamtaniondolea hilo. Wenye kifafa mlioko hapa, mezeni dawa zenu. Hakuna bei ya kulipa ili apate kuwapenda!"

"Hilo ni pepo linaongea!" mhubiri akapaza sauti, na kipaza sauti kikazimwa.

Ida akaendelea kwa sauti yake tupu. "Mimi ni Ida, binti wa Aurelia, nimebatizwa! Pepo hajui jina langu!"

Wakamshusha. Kuna waliozomea. Akajisikia vibaya, akajisikia vizuri. Akamtafuta mama kwa macho, akamwona anapenya kwenye umati kuelekea nyumbani, khanga kichwani, kwa aibu. Ilimchoma. Aurelia alikuja kutia mkono kwenye sahani moja naye, lakini baada ya mwaka mwingine.

Akiwa anatoka uwanjani akasikia anaitwa. Alikuwa Saleh, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, aliyehamia mjini na familia yake tangu biashara ilipofunguliwa. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Dada, samahani. Nina binti nyumbani. Aisha. Ana... kama wewe."

"Yuko wapi sasa hivi?"

Saleh akatazama chini. "Chumba cha uani. Tunamfungia, asije akaumia."

"Nipeleke."

Walipofika, Ida akasema kabla ya kuvua viatu: "Mzee Saleh, mimi ni Mkristo na siwezi kuficha aliyenifundisha kupenda. Lakini sikuja kumtoa mtoto kwenye dini yake. Nimekuja kumtoa chumbani."

"Mwenyezi Mungu akulipe," Saleh akajibu, akafungua komeo.

Aisha alitoka akifumba macho kwa jua. Ida akaketi naye mkekani, akamwonyesha mkono wake, akamwacha auguse. Wakaongea habari za nguo. Kabla chai haijawa tayari, macho yakamgeuka msichana, akakakamaa. Wanawake wa nyumba wakapiga kelele, wakakimbilia barabarani. Saleh naye akawa amefika kizingitini.

"Baba Aisha!" Ida akaita, huku akimlaza binti ubavu. "Rudi. Kaa hapa."

"Naogopa, dada."

"Ogopa ukiwa umekaa."

Saleh akarudi. Akapiga magoti na kanzu yake nyeupe kwenye vumbi la ua, akaupokea mkono wa mwanawe, na povu likamdondokea kwenye vidole. Hakuuondoa mkono wake.