Mkono wa Baba Juu ya Betri

Mimi nina hasira za karibu, nakubali, wala sihitaji mtu wa kunikumbusha. Mama anasema napandwa na mori hata kwa sindano iliyokatika, na kwa kuwa mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, sindano zilizokatika ndizo riziki yangu. Lakini baba yangu, loo! Yule ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi.

Baba alipiga pasi kwenye duka la dobi kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima unamwita Mzee Pasi. Siku za mapumziko alikuwa dereva wa vigari vya rimoti, vile vidogo vinavyoshindana juu ya zulia kwenye ukumbi wa michezo nyuma ya soko. Cheka ukitaka, Mama alicheka mwaka mzima. Kisha kiharusi kikampitia. Kilimwachia uhai, lakini mkono wa kulia ukabaki hauna nguvu. Rimoti nikaichukua mimi, yeye akabaki na betri.

Na usidhani betri ni jambo dogo. Vigari vyetu vinatumia betri ya lithiamu ya seli moja, ndogo kuliko kipande cha sabuni. Ikijaa inafika volti nne nukta mbili. Ikipungukiwa, gari linachoka kabla ya mbio kwisha. Ikizidishiwa, inavimba, na inaweza hata kushika moto. Ndiyo maana kila gari hupita kwanza kwenye meza ya ukaguzi, na betri iliyozidi hata kidogo, mwenyewe haingii uwanjani.

Basi Baba asubuhi ya mashindano, kabla hata salamu hazijaisha, alikuwa anapeleka kipimo chake cha volti kwa mkaguzi. Wanapima betri moja kwa vipimo vyote viwili, ili ajue chake kinadanganya kwa kiasi gani. Halafu anachaji polepole, betri iko ndani ya boksi la chuma, yeye kakaa kwenye stuli pembeni, haondoki hata aitwe na nani. Kila baada ya muda anaweka mgongo wa mkono wa kushoto juu ya betri, vile alivyokuwa akipima joto la shati. "Hii imechangamka," atasema. Au, "Hii leo ina uvivu, tuipe dakika kidogo."

Dakika kidogo! Hizo dakika zake zilikuwa zinanimaliza. Mwezi uliopita nikanunua chaja mpya, ya kisasa, ina kioo na milio, na inajizima yenyewe betri ikijaa. Siku moja kabla ya fainali nikaiweka mezani mbele yake, nikamwambia, kwa furaha kabisa, naapa, "Baba, hii haihitaji mtu. Kesho wewe pumzika."

Akaitazama sana. "Vizuri, mwanangu," akasema. Kulipokucha akasema mgongo unamsumbua, niende tu. Nami, kichwa maji, nikaenda.

Fainali ilikuwa na raundi mbili, inahesabiwa ile bora. Chaja ikalia, kioo kikaandika nne nukta mbili sifuri, nikabeba gari kwa mbwembwe mpaka mezani. Mkaguzi akagusisha nyaya zake.

"Nne nukta mbili tatu," akasema. "Raundi hii hukimbii."

"Kipimo chako kibovu!" nikafoka.

"Kibovu au kizima, ndicho cha wote," akajibu taratibu. "Mzee Pasi yuko wapi? Mbona leo hamkuja kulinganisha vipimo?"

Maneno hayo yalinikata maini. Raundi ya pili ilikuwa bado saa moja na nusu. Kusema kweli ningeweza kujirekebishia mwenyewe, nipunguze kidogo kwenye chaja, yakaisha. Lakini nikaiona ile stuli imekaa tupu, nikajisikia mjinga wa kutupwa. Mgongo wa Baba haujawahi kuuma siku ya mashindano. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, nilitumia tano.

Mama alinipokea mlangoni. "Mgongo hauumi hata chembe. Yuko chumbani anakunja mashati yaliyokwisha kunjwa. Sijui umemwambia nini, lakini nenda mkamalizane."

Nilimkuta kitandani na rundo la mashati.

"Baba, nimekosa. Wamenizuia kukimbia."

"Ilisoma ngapi?"

"Nne nukta mbili tatu."

"Ebo! Unataka kuwachomea watu ukumbi?" Akaliweka shati chini. "Lete viatu."

Nikapiga magoti nikamfunga kamba. Akanipiga kikofi utosini, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopata.

Ukumbini alilinganisha vipimo, akaigeuzageuza chaja yangu mpya. "Si mbaya," akasema, "ila inajisifu." Akaiwekea kikomo cha chini kidogo, akakaa, akaweka mkono juu ya betri. Kwenye ukaguzi ikasoma nne nukta moja tisa. Mkaguzi akatabasamu, akanipisha. Gari lilikwenda kwa nguvu zilezile mpaka mzunguko wa mwisho, na mimi, kwa kona mbili nilizozivamia, nikawa wa nne kati ya kumi.

Nikarudi nikakaa sakafuni karibu na stuli yake.

"Baba, kwa nini hukuniambia kwamba nimekuumiza?"

"Nilipougua, daktari aliniambia nipumzike. Mama yako naye, nipumzike. Majirani wakaja mmoja mmoja, pumzika mzee, pumzika mzee. Nikaona, kumbe hawa wameshanizika. Halafu siku moja ukaingia wewe, umefura, ukanifokea: 'Baba, Jumapili nina mbio na betri zote tupu, utalala mpaka lini?' Siku hiyo ndiyo nilitoka kitandani. Sasa jana na wewe ukaniambia nipumzike."

Sikumbuki kabisa kusema hivyo. Bila shaka ilikuwa hasira tu, na kama angeniuliza mtu, ningeona aibu kumfokea mgonjwa. Nikaushika ule mkono wake wa kulia, nikalia mbele ya mkaguzi na wapinzani wangu wote, wala sikujali.

"Basi usipumzike, Baba. Nakuomba, usipumzike."

"Nitapumzikaje," akasema, na yeye machozi yamemlenga, "na betri kama ile umeipeleka nafasi ya nne?"