Siku Niliyomtaja Mwizi wa Mabuti

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata leo nikikutana na mtu wa kijiji kile najifanya nimeona kitu upande wa pili wa barabara, lakini kwa kuwa mmeniuliza, basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, nami nikiwa mwalimu kijana huko Muleba. Mwalimu mmoja Mwingereza aliyefundisha sekondari ya Kahororo, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia kitabu cha hadithi fupi za upelelezi, na jamani, kiliniteka! Kila hadithi ni kurasa chache tu, mtu kafa au mkufu umepotea, halafu anatokea mtu mpole anayekunywa chai, anatazama majivu ya sigara, anawakusanya wote sebuleni na kusema, "Ni wewe!" (Hapo nilikuwa narudia mara tatu.) Nilisoma nikila, nilisoma nikitembea, mama akinisemesha namjibu "ndiyo" bila kujua kaniuliza nini.

Basi siku moja ya mvua tulikuwa na kikao cha kijiji, tukavua mabuti mlangoni kwa sababu ya matope. Kilipokwisha, mwenyekiti akapiga kelele: mabuti yake mapya ya mpira hayapo, yamebaki mengine makuukuu, moja lina kiraka. Mtu mwenye akili angesema wamebadilishana kwa bahati mbaya, yakaisha. Mimi nikasema, "Mwenyekiti, niachie mimi. Waite wote ghalani."

Ghala la kahawa likajaa. Nikatembea mbele yao mikono nyuma (miguu ilikuwa inapwaya, nikadhani nimekonda kwa kazi ya shamba la kijiji), nikainua lile buti.

"Kiraka hiki ni tyubu ya baiskeli, na solusheni bado inanuka. Wenye baiskeli hapa ni watatu. Wawili wako Bukoba tangu juzi." Nikanyoosha kidole, kama kitabuni. "Ta Klemensi, ni wewe!"

Ta Klemensi, yaani Mzee Klemensi kwa Kihaya, alikuwa katekista wetu. Tena ndiye baba wa Yustina, ambaye nilikuwa nimeshapeleka washenga kwao.

Akasimama taratibu. "Mimi, Deo? Mimi mkweo?"

Mara mama yangu akapenya katikati ya watu.

"Mae! Deo, hicho kiraka nimekibandika mimi jana, wewe umezama kwenye kitabu! Solusheni nilimwomba Ta Klemensi. Hayo ni mabuti yako!"

Ghala zima likatazama miguu yangu. Mabuti mapya, yanang'aa. Nilikuwa nimetoka kikaoni nikisoma, nikaingiza miguu palipoingilika.

"Vua, mwalimu," mwenyekiti akasema.

Nikavua mbele ya kijiji, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Yustina alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka.

Nilikwenda kuomba radhi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaninyamazia wiki mbili nzima, kisha akatoa sharti: kila Jumapili baada ya misa nimsomee hadithi moja kwa Kiswahili, "nijue ni kitu gani kilichokurusha akili." Nikamsomea. Naye kikamteka! Akawa ananizuia kabla ya ukurasa wa mwisho ili amtaje mwizi mwenyewe, na kila mara anamtaja mpishi, hata kama hadithi haina mpishi.

Yustina nilimwoa, na niliapa kutomnyooshea mtu kidole tena. Mkwe akishasema ni mpishi, nafunga kitabu na kumwambia, "Ni mpishi kweli, baba."