Chafi wa Tanga wamefika Dutwa

Jamani, leo samaki aliyekufa amenichoma kidole, na nimefurahi!

Mama yangu alinitumia chafi kwa basi, ndani ya barafu, kutoka Tanga hadi huku Dutwa nilikoolewa.

Ni samaki mdogo, bapa, mdomo kama wa sungura. Unguja wanamwita tasi. Kwenu mnamwitaje?

Mama mkwe akamtazama mmoja mgongoni.
"Ana miiba kama gogogo wa ziwani! Huyu mimi sili."

Nikanyong'onyea. Tangu nije hapa, mimi na yeye ni salamu tu.

Nikaanza kuwasafisha, mara mwiba ukanizama kidoleni. Una sumu, jamani! Nililia kama mtoto.

Mama mkwe akaacha kupukuchua mahindi, akaleta beseni la maji ya moto, akaushikilia mkono wangu humo.

"Tulia, ng'wanone."

Kwa Kisukuma ni "mwanangu". Hajawahi kuniita hivyo.

Maumivu yalipopungua, akachukua kisu, akakata miiba yote mwenyewe. Tukawapika kwa nyanya, tukala na ugali sahani moja.

Akalamba vidole.
"Mwambie mama yako alete wengine. Ila aje nao mwenyewe."

Nimempigia mama sasa hivi. Anauliza basi la huku linaondoka saa ngapi.