Wimbo wa Oma Sexton na Siku za Maua

"Na wewe Zella, siku ukifa, nani atakuimbia?"

Swali hilo alilitupa jirani yake, Burl Sexton, miaka minane iliyopita, akiwa anapita kando ya uzio na ndoo ya misumari. Zella Amburgey alikuwa ameketi kibarazani, kinanda chake amekipakata, akitafuta sauti ya wimbo wa marehemu mmoja wa bonde la pili.

"Si wewe," alimjibu. "Sauti yako na ya bawaba za lango lako ni mtu na ndugu yake. Zitie mafuta kwanza."

Oma, mke wa Burl, alikuwa nyuma ya mumewe. Alicheka hadi akaushika uzio asianguke.

Leo Oma hayupo. Ni Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa mbili asubuhi, katika bonde la Redbud, mashariki mwa Kentucky. Ukungu haujatoka kwenye kijito. Zella, mwenye umri wa miaka sitini na sita, amekaa jikoni kwake akichonga unyoya wa bata mzinga kwa kisu kidogo. Unyoya huo ndio anaopigia nyuzi. Anamsubiri Burl.

Kwenye jiko, binamu yake Icy Fugate anaoka keki nyembamba nyembamba, za kupangwa tabaka saba na kupakwa tufaha zilizopikwa. Kesho ukoo wa Sexton wote unapanda makaburini kwa ibada ya kila mwaka, na hakuna anayepanda mikono mitupu.

"Mwaka wa pili huu unamchongea Burl unyoya," anasema Icy. "Utawamaliza bata mzinga wa bonde zima."

"Leo atakuja."

"Hata wakati wa Krismasi ulisema leo atakuja. Ukapika kahawa birika zima. Nani aliyeinywa?"

"Wewe. Na hukulala siku mbili, nyumba yako ikang'aa. Ulipaswa kunishukuru."

Kinanda cha Zella huitwa dalsima. Ni chembamba, kina nyuzi tatu, kimekatwa matundu mawili yenye umbo la moyo, na hulazwa mapajani kama mtoto aliyeshiba. Mkono wa kushoto husukuma kijiti juu ya uzi wa kwanza, wa kulia hupitisha unyoya. Baba yake alikichonga kutoka mlango wa ghala lililobomolewa, na ukikigeuza bado utaona tundu la kitasa limezibwa kwa nta.

Kwa miaka ishirini na mitatu Zella amekuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo. Mshahara wake ni dola kumi na tatu kwa saa, na shule ikifungwa mshahara nao hufungwa. Nyimbo huziandika wakati wa mapumziko, nyuma ya karatasi za orodha ya chakula. Hadi sasa ni arobaini na moja, na zote ni za watu waliokufa katika mabonde haya.

Hazimwingizii kitu. Mmoja humletea chupa ya jemu, mwingine kuni. Mtu mmoja alimletea jogoo, naye jogoo akamdonoa Zella miguu majira yote ya joto.

Lakini waulize watu wa Redbud, watakwambia hawamlinganishi na mwimbaji yeyote wa redioni. Katika wimbo wa Zella marehemu hana mabawa. Anafunga viatu, anamkemea mbwa, anakoroga kahawa kwa mpini wa uma kwa sababu vijiko vyote ni vichafu.

"Alipomwimba mama yangu nilisikia harufu ya sabuni yake ya kufulia," anasema Icy, mgongo ameupa meza. "Nikatoka nje kutazama kamba ya nguo. Mtu mzima mimi."

Kanisani kwao ala hazipigwi. Mzee wa kanisa hutangulia kuimba mstari, waumini humfuata kwa sauti zao tu, na Zella huimba nao kama mwingine yeyote. Dalsima hubaki garini, imefunikwa blanketi. Haoni ubaya wowote. "Sauti Mungu alinipa bure, namrudishia bure," anasema. "Hiki alinipa baba. Hiki ni cha watu."

Kwa hiyo nyimbo zake huimbwa makaburini, ibada ikishakwisha, watu wakiwa wameketi kwenye majani na sahani zao. Na kabla ya kufika huko, kila wimbo hupita jikoni kwake. Hapo ana sharti moja ambalo hajawahi kulivunja.

Mwenye msiba huja peke yake, anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, anaimbiwa. Kama hautaki, atasema, nao utachomwa jikoni palepale. Mara nne umechomwa. Kama anautaka, hana haja ya kusema lolote. Atanyanyuka aende zake.

"Simlazimishi mtu aniambie asante akiwa na donge kooni," anasema Zella. "Akitoka kimya, nimeelewa."

Wimbo wa Oma ulikamilika majira ya baridi ya kwanza baada ya kifo chake. Burl ameitwa mara tatu na mara tatu hakuja. Watoto wao wanakuja kesho kutoka Ohio, wote watano, na wameuliza kama mama yao ataimbwa. Bila Burl kuusikia, hauimbwi.

Saa tatu kasorobo viatu vinasikika kibarazani. Icy anaifuta mikono haraka.

"Umeona?" Zella anamnong'oneza.

"Nimeona. Basi mie naenda kutazama kuku."

"Huna kuku."

"Nitatazama wa kwako." Na anatoka kwa mlango wa nyuma.

Burl ni mzee mrefu, ameinama mabegani. Amenyoa. Anavua kofia, anakaa kwenye kiti cha dirishani bila kuelekezwa.

"Dada Zella."

"Ndugu Burl. Kahawa?"

"Baadaye. Imba kwanza, kabla miguu yangu haijabadili mawazo."

Zella anaimba. Sauti yake si kubwa, na ina mkwaruzo kidogo kama wa kitambaa kipya. Nyuzi mbili za chini zinavuma chini ya maneno bila kubadilika, na uzi wa kwanza unatembea. Anaimba namna Oma alivyopita kando ya uzio akila tufaha na chumvi. Burl anatabasamu kidogo. Anaimba kicheko chake. Halafu anafika ubeti wa mwisho, wa siku ile ya Mei ambapo Oma alikutwa bustanini amelala kati ya matuta, mbegu za maharage zikimsubiri.

"Ngoja," anasema Burl.

Unyoya unasimama.

Mzee ananyanyuka, anakwenda ukutani ilipo kalenda ya nyumba ya mazishi ya mjini, ile inayogawiwa bure kila mwaka na inayoonyesha kila siku mwezi uko kwenye nyota gani, kila nyota na kiungo chake cha mwili. Kila nyumba ya bonde hili hupanda na kuvuna kwa kalenda hiyo. Zella hazitupi za zamani. Huitundika mpya juu yake, msumari uleule. Burl anafunua ya mwaka huu, anafunua ya mwaka jana, anaifikia ya mwaka juzi. Anaweka kidole.

"Tarehe tisa Mei, siku ile. Soma."

Zella anavaa miwani. Anasoma, kisha anaivua.

"Siku za maua," anasema polepole.

"Siku za maua."

Hapa hata mtoto anajua. Maharage yakipandwa siku za maua yatachanua hadi baridi iingie, wala hayatazaa hata ganda moja. Hupandwa mwezi ukiwa mikononi. Oma Sexton hakuwahi kukosea hilo hata mara moja katika miaka arobaini na sita ya ndoa. Zella naye hajawahi kuandika mstari wa shamba bila kutazama kalenda. Huu aliupokea kwa watu siku ya maziko, akauamini.

"Nisamehe, Burl. Sikutazama."

"Hukujua. Waliosema ni wao, mimi nikanyamaza." Anarudi kitini. Anaizungusha kofia mikononi. "Asubuhi ile tuligombana. Lango. Alisema sijalifunga, ng'ombe ametoka. Nikasema yeye ndiye hakulifunga. Basi nikapanda mlimani kutengeneza uzio, na hasira zangu. Mchana akaniita chakula. Nikasikia. Akaita tena. Nikasikia, Zella. Mara ya tatu nikapiga msumari kwa nguvu ili nisisikie. Akaamua kuniletea. Akapitia bustanini kwa kuwa ndiyo njia fupi. Niliposhuka saa nane nikamkuta. Mkate uko kwenye kitambaa. Maziwa yamemwagika."

Nje, Icy anasikika akiwaita kuku kwa majina anayoyabuni.

"Naweza kuuacha ulivyo," anasema hatimaye. "Ndivyo watu wanavyoamini. Kesho watoto wako watakuwa pale, Burl. Ukoo mzima."

"Najua watakaokuwepo."

"Hakuna anayekudai neno hilo."

"Watu wa hapa wanajua kusoma kalenda." Sauti yake imepanda. "Mwaka huu wamenyamaza, mwaka ujao mmoja atafunua. Atasema, maskini Oma, uzee ulimchanganya, alikuwa anapanda maharage siku za maua. Oma! Bora waniseme mimi."

Zella anavuta karatasi ya orodha ya chakula cha shule, anaigeuza. Anaandika, anafuta, anaandika. Jikoni kunanukia tufaha na mdalasini. Keki ya mwisho inaanza kuungua na hakuna anayeishughulikia.

Kabla Burl hajafika, Icy alikuwa amemuuliza Zella kama ameshalipatia jibu lile swali la uzioni, la nani atamwimbia. Zella alisema sauti ya wimbo wake mwenyewe anayo, maneno bado. Anamfundisha Icy kushika kijiti. Icy anakishika kama mwiko, lakini Mungu akiwajalia uzima, anatumaini mwakani ataweza. Kesho, alisema, anachotaka ni kimoja tu: Oma aimbwe juu ya kilima chake, watoto wake wasikie.

Sasa anapitisha unyoya taratibu, anaimba ubeti mpya:

Oma aliita mara tatu,
mlima ulimsikia.
Akabeba mkate na maziwa,
akaifuata njia.

"Si mlima," anasema Burl.

Zella anamtazama.

"Mlima hauna masikio. Niweke mimi."

"Una hakika, ndugu yangu?"

"Niweke."

Zella anakata maneno mawili kwa penseli, anaandika mengine juu yake. Anaupeleka mkono kwenye nyuzi. Kisha anaimba:

Oma aliita mara tatu,
mumewe alimsikia.
Akabeba mkate na maziwa,
akaifuata njia.

Nyuzi mbili za chini zinaendelea kuvuma baada ya maneno kwisha. Burl anazisikiliza hadi zinyamaze kabisa. Ananyanyuka, anakirudisha kiti mezani, anavaa kofia. Anaizima oveni iliyokuwa inaunguza keki. Anafungua mlango, na anakwenda zake bila neno.