Racheti ya Kanisani na Msiba Usio na Maiti

Cha kijinga nilichofanya kwanza, kabla ya vyote vilivyofuata, ni kuiba chuma cha kugongea kengele ya kanisa letu na kuweka kipande cha ekseli ya lori mahali pake. Nakisema mapema ili huko mbele mtu asije akanionea huruma bure.

Kengele yenyewe si kengele. Ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi mbele ya kanisa, hapa kwetu karibu na Nanyala, jirani kabisa na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Ringi hiyo inajua lugha mbili tu. Ikigongwa harakaharaka mara ishirini, maana yake ibada inakaribia, tafuteni viatu. Ikigongwa polepole, pigo moja, kimya, pigo jingine, kimya, maana yake kuna mtu amefariki. Hapo hakuna anayeuliza swali. Wanaume wanabeba majembe, akina mama wanabeba kuni na unga, na watu wanatoka. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua tofauti hiyo. Mimi niko kidato cha tatu na nilikuwa naijua pia, ila niliisahau kwa sababu ya mapenzi.

Mapenzi ya racheti.

Kwa asiyejua, racheti ni spana ambayo huna haja ya kuichomoa kwenye nati kila mara. Unaisukuma, inafunga. Unairudisha, inateleza huku ikilia krrrr. Unaisukuma tena. Humo ndani kuna kigurudumu chenye meno, na kijino kimoja kikorofi kinachokubali kwenda upande mmoja tu, kama bibi yangu akishaamua jambo lake. Wenzangu darasani wanakusanya namba za simu za wasichana. Mimi nakusanya racheti za zamani, na vyuma vingine vya mkono ambavyo hakuna tena anayekumbuka vilikuwa na kazi gani. Racheti ninazo tisa. Ninayo keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuzungusha kwa mkono, na plaizi yenye mdomo uliopinda kama wa mtu aliyeonja ndimu. Nyingi nilizipata Tunduma, kwa mama mmoja Mbemba wa Zambia anayeuza vyuma chakavu karibu na mpaka. Huyo kila akiniona anacheka mpaka khanga inamvuka, kisha ananisalimia kwa Kibemba: "Mulishani, fundi asiye na gari!"

Nikifika nyumbani nazisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha zinalala kwenye sanduku la shule chini ya kitanda. Madaftari yanalala nje ya sanduku. Siku moja mama aliniuliza nafungua nini na mavyuma yote hayo. Nikamwambia ukweli: sifungui kitu, nasikiliza. Kila moja ina sauti yake. Kuna inayolia kama nyenje, kuna inayolia kama bibi anavyosonya akiona sketi fupi. Mama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa.

Sasa huyo mama yangu ndiye mgonga kengele, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito kidogo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa, mrefu, mkali, mwenye fimbo. Mgongo wake ulipogoma, kanisa likamchagua mama. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika kazi hiyo. Mzee akasimama kwenye kikao, akaegemea fimbo yake, akasema, "Kengele si mwiko wa ugali. Inataka mkono. Tuone kama atafika Krismasi."

"Tutaona, baba," mama akamjibu kwa adabu zote. Lakini wiki ile nyumbani alikata vitunguu kama mtu anayebishana.

Tangu hapo hajakosa Jumapili hata moja. Iwe mvua, uwe ukungu ule wa Mbozi unaokufanya utafute mlango wa nyumba yako kwa kupapasa, mama anajifunga kitenge na kwenda. Anaporudi kutoka kwenye ule mkaratusi huwa amerefuka vidole viwili. Na kila mtu alijua kwamba siku atakayoshindwa, hata mara moja, chuma kile kitarudi kwenye mkono wa mwanamume na hakitatoka tena. Mama alijua. Mimi pia nilijua. Naandika hivyo ili nisipate pa kujificha.

Jumamosi moja tulipangiwa kufagia uwanja wa kanisa, mimi na rafiki yangu tunayesoma naye. Chuma cha kengele kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari kama siku zote. Nimekiona tangu nazaliwa: kirefu kama mkono wangu, mkia umechongoka kama mkuki, kimepakwa rangi ya bluu mwaka ule walipopaka milango. Nikakigusa na ufagio, kikaanguka, almanusura kinitoe kidole cha mguu. Nilipoinama kukiokota nikaona rangi imebanduka kichwani. Chini yake kulikuwa na kitufe kidogo cha kubadilishia upande, na mstari wa herufi za Kichina. Na kichwa chenyewe kilikuwa na tundu lililopita upande hadi upande.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Naapa.

"Oya mwanangu," nikamwambia rafiki yangu, "hii ni racheti."

"Hiyo ni kengele."

"Racheti ya wafunga vyuma vikubwa! Mkia huu ni wa kulenganisha matundu kabla hujatia bolti. Na hapa, tazama, bolti ndefu inapita yote, inatokea upande wa pili!"

"Mama yako ndiye atakutokea upande wa pili."

Sikumsikia. Nilikuwa nimeshaichomeka ndani ya sweta.

Nina dhamiri lakini. Mchungaji amehubiri mara nyingi kwamba aliyechukua cha mtu arudishe, tena kwa kuzidisha. Basi nikaenda gereji ya pale barabarani, nikaomba kipande cha ekseli kilichokuwa kimelala kwenye majani, wakanipa huku wakicheka. Tulikibeba kwa baiskeli, tairi ikabonyea, rafiki yangu akisukuma kwa nyuma na kunitukania ukoo. Chuma kwa chuma, tena kinono zaidi! Kwa hesabu yangu kanisa lilikuwa limepata faida. Msumari ulikataa kukibeba, kwa hiyo tukakiegemeza kwenye shina. Hatukukijaribu, maana kukijaribu ni kugonga kengele, na kugonga kengele ni kujitangaza.

Nyumbani niliilaza racheti kwenye kopo la mafuta ya taa. Kutu ilikuwa imeigandisha kabisa. Nikaisugua, nikaibembeleza, nikaigonga kidogo na kipande cha mti, na jua likiwa linashuka, ikasogea. Krrr. Sauti nzito, ya taratibu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuomba. Nilizunguka nyumba mara tatu nikikimbia. Mbuzi walikimbia na mimi bila kujua sababu.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa bado kitandani niliposikia pigo la kwanza. Ngoooo.

Nikatabasamu. Sauti tamu! Hata muziki wa kanisa nimeuboresha.

Kimya. Kimya kirefu. Ngoooo.

Nikaacha kutabasamu.

Nilichungulia dirishani. Kwa mbali nilimwona mama ameinua ekseli kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa mtoto kisimani. Anaipiga kwenye ringi, anaishusha chini, anapumua, anaiinua tena. Ngoooo. Mlango wa jirani ukafunguka. Jirani akatoka na jembe.

Hakuna aliyeuliza nani amekufa, kwa sababu wote walikuwa na jibu. Yule mzee wa fimbo alikuwa mgonjwa wiki nzima, na habari zilikuwa zimesambaa kwamba amekataa ugali. Akina mama wakaelekea kwake, hapo chini tu ya kanisa, moja kwa moja na kuni vichwani, vilio vikitangulia. Sikuwepo, ila nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naona kama nilikuwepo. Mzee alikuwa jikoni, kwenye kigoda, anakunywa uji. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasikia mapigo na anajiandaa kwenda msibani.

"Baba yetu, umetuacha!" wakaingia wakilia.

"Nimewaacha wapi?" akauliza mzee.

Mmoja alikuwa ameshajitupa chini mlangoni, akaendelea kulia kidogo, maana kilio kama lori la mzigo, hakisimami ghafla. Mzee akazungusha macho. "Jamani, nani amekufa?"

Mwishoni mtoto mmoja akajitolea. "Babu, ni wewe."

Nilipofika kanisani nikihema, racheti ndani ya sweta, mama alikuwa kwenye pigo la kumi na saba. Uwanja ulikuwa umejaa majembe. Na kutoka chini kule alikuwa anakuja marehemu, bakuli la uji mkono mmoja na fimbo mwingine, mgongo umenyooka kwa hasira kuliko ulivyowahi kunyooka kwa dawa, nyuma yake waombolezaji. Mama aliwaona wote. Hakusimama. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Ndipo akaiachia ekseli ikaanguka, puu, na baridi yote ile jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, binti yangu. Umenizika na uji mdomoni."

"Na wewe umenibadilishia chuma."

"Chuma gani?"

"Hiki hapa. Ulisema tuone kama nitafika Krismasi. Ukaja kwa siri ukaniwekea gogo la chuma ili nishindwe mbele ya watu. Sikushindwa, baba. Ungehesabu, ungejua. Ni ishirini."

Ungedhani mwanamke mwenye mtoto mwenye sanduku la vyuma chini ya kitanda angeanza na mtoto. Lakini lile neno la kikaoni lilikuwa limemkaa kooni miezi yote, na siku hiyo likapata njia. Watu wakaanza kunong'ona. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, kola imefungwa upande mmoja. Nikaelewa kitu kimoja kwa haraka ambayo walimu wangu hawajawahi kuiona kwangu: mama amemwita mzee wa kanisa mwizi mbele ya kanisa zima. Ikija kujulikana si kweli, kengele imekwenda. Na ilikuwa si kweli, na aliyejua ni mimi, na rafiki yangu, ambaye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri gari lipinduke.

Nikaingiza mkono ndani ya sweta. Nikaivuta, kichwa cha racheti kikakwama kwenye sweta kikazunguka, na katikati ya minong'ono ikalia yenyewe: krrrr.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nimeiazima."

Mzee akampa mtu bakuli, akanyoosha mkono, nikampa. Akaigeuza. Krrr. Akaigeuza tena. Uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea, ukawa wa kijana.

"Inazunguka?"

"Niliiloweka kwenye mafuta ya taa, babu."

"Hii niliibeba mimi, mikono hii hii, nikiwa kibarua wa Wachina kwenye ujenzi wa reli ya Zambia. Ilipoganda nikaileta hapa iwe ya kengele. Nimeipiga miaka yote hiyo nikijua imekufa."

"Haikufa, babu. Ilikuwa kutu tu."

"Basi," akasema mzee, "leo tumefufuka wawili."

Jembe la kwanza likaanguka, halafu kicheko, halafu majembe yote. Yule aliyejitupa mlangoni alicheka mpaka akajitupa tena. Mzee hakucheka. Alimpa mtu racheti na fimbo, akainama, akajaribu kuiinua ekseli. Kwa mkono mmoja haikusogea. Kwa miwili ilifika magotini, akaishusha. Akasimama akimtazama mama.

"Ishirini?"

"Ishirini, baba. Nisamehe. Nimekusingizia."

Mzee akaichukua racheti, akampa mama kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa kitu. Kisha akamgeukia mchungaji. "Nilisema tuone. Nimeona. Mtu asiniulize tena habari za mkono."

Kuni na unga wa msiba havirudi nyumbani, ni mkosi. Baada ya ibada vilipikwa palepale, maharage yakatafutwa, na mzee akala msiba wake mwenyewe na kuomba kuongezwa. Mimi niliosha masufuria yote. Kila nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu ananililia krrrr kwa mdomo.

Mama alinitangulia kurudi nyumbani, viganja vimevimba. Nilikuwa nyuma yake hatua kumi, na hata mbuzi wetu walinipisha. Alipofika mlangoni akageuka, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka:

"Jumapili ijayo utagonga wewe, kwa ekseli yako, mara ishirini, harakaharaka. Ukigonga polepole watu watakuja na majembe, na safari hii, mwanangu, hawatarudi nayo bila udongo."