Gari Iliyonguruma Getini kwa Shangazi

Sisi tuliolelewa Kabiro, kule Kawangware, wakati bado kuna mashamba ya mahindi, gari tuliijua kwa masikio. Baba alikuwa na moja kuukuu, na kila asubuhi kabla ya uji alituita tuisikilize ikinguruma imesimama. Ikitetemeka kama mtu wa malaria, plagi moja haichomi. Ikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kuna paipu imepasuka inavuta hewa, na ukitoa mguu kwa mafuta inazima. Dada yangu Nyambura ndiye alikuwa na sikio la kutushinda sote. Baba alikuwa akimwambia, "Wewe ukiolewa nitabaki na viziwi."

Akaolewa kweli, na Otieno wa Gatwekera, Kibera. Jumamosi ya harusi watu wa bwana harusi wakatoka huko na gari ya mjomba wake kuja kumchukua. Na mnajua mambo yetu: shangazi wanafunga geti, wageni wanaimba nje wakiomba bibi harusi, mpaka mioyo ilainike. Sasa hao wanaimba, na mjomba kwa gari anakanyaga mafuta, vuum, vuum. Moshi ukawaingia shangazi mdomoni katikati ya wimbo.

Shangazi Wangari, mkubwa wao, akakasirika. "Wanatuharakisha? Leteni kufuli." Na kanisani pasta alikuwa na harusi nyingine baada ya hii. Nafasi ikipita, dada avue gauni arudi jikoni. Nilimwonea huruma mpaka mandazi yakanishinda.

Chumbani, bibi harusi akainua kichwa. "Huyo hana madharau. Gari yake inavuta hewa, akitoa mguu itazima." Kabla waliokuwa wakimvalisha hawajamshika, alikuwa getini na shela yake, akawarudia shangazi maneno hayo. Shangazi wakamwambia mjomba atoe mguu waone. Akatoa. Gari ikapanda, ikashuka, ikakohoa, ikanyamaza.

Shangazi walicheka mpaka wakakaa chini. Geti likafunguliwa. Nyambura akapapasa chini ya boneti, akapata paipu yenyewe, akaifunga na blada ya kufungia mizigo kwa baiskeli ya jirani. Injini ikatulia kabisa. Alienda kuolewa glavu zake nyeupe zikiwa nyeusi ti kwa grisi.

Juzi gari ya kijana wangu iliwasha taa ya onyo kwa dashibodi. Injini inapanda na kushuka, hata kuku angesikia, na yeye anaipiga picha atume kwa grupu. Nikamwambia asikilize. Akazima redio, akasikiliza kwa adabu sana, akaniuliza, "Nasikiliza nini?" Tukakaa kando ya barabara tukingoja fundi, watu wakipita bila hata kuuliza. Nilitamani shangazi wote watokee, hata wakiwa wamekasirika.