Jozi Nilizokataa Kuzitenganisha

Chumba cha seva cha hospitali yetu zamani kilikuwa stoo ya vyandarua. Harufu ya dawa yake haijaisha mpaka leo, na kwa kuwa kiyoyozi huwaka kutwa, ndicho chumba pekee Kilwa Masoko ambamo nimewahi kuvaa sweta. Nilianza kuingia humo na ndoo na dekio, kibarua wa usafi. Nikimaliza kupiga deki nilisimama kidogo mbele ya kabati la chuma, nikitazama taa ndogo za kijani zikipepesa. Feni zilivuma kwa sauti moja, kama pumzi za watu waliolala chumba kimoja. Mara nyingine nilisahau kwamba nje kuna jua.

Fundi wa mtandao, mzee aliyekuja kutoka Lindi mjini, alinikuta siku moja nimesimama hivyo.

"Zinasema nini?" aliniuliza.

"Shikamoo fundi. Sijui. Mimi niliishia kidato cha pili."

"Marahaba. Kwani wa kidato cha pili hawaoni taa?" Akanipa koleo la kubania vichwa vya waya.

Shule niliiacha mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba. Arobaini ilipokwisha ndugu walikaa mkekani, ua wa nyuma, kutugawana kama ilivyo desturi: mdogo wangu wa kiume aende kwa mjomba Nyangamara, kitindamimba wetu wa kike aende kwa shangazi Kinjumbi, mimi nibaki na nyumba. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Walizungumza kwa upole, chai ikapita. Nikasema hapana, sisi watatu tutakaa pamoja. Sikuwahi kusema hapana mbele ya wakubwa. Shangazi aliweka kikombe chini.

"Haya, mama," alisema. "Ukiwa umepata kazi ya kudumu kabla huyu kitindamimba hajamaliza darasa la saba, utakaa naye. Usipopata, nakuja kumchukua."

Basi mwaka ule alipokuwa anamaliza, hospitali ilitaka mtu wa kukitunza chumba cha seva. Fundi aliniambia atanitaja mimi, lakini kwanza mitambo mipya aliyokuwa anaifunga ipite jaribio mbele ya mganga mkuu.

Mitambo yenyewe niliielewa hivi. Zililetwa swichi mbili, yale masanduku bapa ambamo nyaya zote za jengo hukutania. Ziliwekwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwa nyuma kwa waya mfupi mnene, zikawa zinafikiri kama swichi moja. Seva nazo zilikuwa mbili, moja ya mafaili ya wagonjwa, nyingine ya maabara. Kila seva ilitoa nyaya mbili, na nyaya hizo zilifungwa jozi kwa maagizo ya kwenye kompyuta, ziwe njia moja pana. Waya mmoja ukikatika, mwingine unaendelea kubeba mzigo.

Fundi alinifundisha maagizo hayo mpaka nikawa nayaandika bila kutazama. Kisha akaitwa Songo Songo kwa kazi nyingine, akaniachia nyaya na mchoro wake wa kalamu.

Nakumbuka mchana ule kama mtu anavyokumbuka ndoto. Mlango umefungwa, sauti za korido zimebaki mbali, vidole vyangu vimekuwa baridi. Mchoro ulisema kila jozi igawanywe, waya mmoja swichi ya juu, mwingine ya chini. Nilijaribu. Nyaya zilitoka pamoja kwenye seva, zikafika katikati zikaachana, mmoja ukapanda, mwingine ukashuka. Nikajiambia fundi alichora kwa haraka. Nikazichomoa. Jozi ya mafaili nikaiweka yote swichi ya juu, bega kwa bega, na jozi ya maabara yote swichi ya chini. Nikazifunga kwa utepe mweusi, nikaandika maagizo. Taa zikawaka kijani zote. Kila kitu kilifanya kazi vizuri, tena kwa wiki nzima, na mimi nikiingia nilikuwa najisikia nimetulia kama nimelaza watoto.

Siku ya jaribio fundi alirudi asubuhi, mganga mkuu akasimama mlangoni. Mama wa mapokezi aliambiwa aendelee na kazi yake. Fundi akashika waya wa umeme wa swichi ya juu. "Tukiiua hii, pasijulikane," alisema, akauchomoa.

Mapokezi palikuwa hatua chache tu. "Jamani! Mafaili yamekimbia!" mama yule alipiga kelele. "Nina foleni hapa!"

Fundi aliinama nyuma ya kabati, akazifuata nyaya kwa kidole. Alipoinuka alikuwa ananitazama mimi.

"Mchoro ulisemaje?"

"Ulisema zigawanywe."

"Na wewe?"

"Niliona zisitenganishwe."

"Binti, nani kakwambia waya una uchungu? Zote mbili umezilaza nyumba moja. Nyumba imeungua, nani atakuja kutoa habari?"

Mganga mkuu akatazama saa. Akilini nilimwona shangazi wazi kabisa, anashuka garini na kanga zake. Nikasema, "Kosa ni langu, si la fundi. Nipeni dakika kumi niliondoe."

Nilikata utepe. Swichi ya juu ikarudishiwa umeme. Waya mmoja juu, mwingine chini, kwa kila seva, kisha maagizo upya. Nikamwomba fundi nichomoe mwenyewe. Nikachomoa. Taa za juu zikafa zote, za chini zikapepesa, zikaendelea.

Tukasubiri.

"Sasa mnachomoa lini?" mama wa mapokezi aliuliza kutoka kwake. "Niambieni nijiandae."

"Tumeshachomoa, mama," fundi alisema.

Mganga mkuu alicheka. Akaniambia nije Jumatatu nichukue barua ya kazi.

Shangazi alifika wiki iliyofuata. Nilimwamkia, nikamwambia kabla hajakaa: nimepata. Alifurahi kweli, akanishika kichwa, akaniombea dua. Kisha akasema, "Mwenyewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza hata siku moja. Nikamwita mdogo wangu wa kike. Alisimama akiminya ncha ya mtandio.

"Nataka kwenda, dada," alisema. "Shule ya kule iko karibu na nyumba, na shangazi yuko peke yake. Lakini likizo nitarudi. Utanikataza?"

Nilimwachisha ile ncha, nikamtengenezea mtandio begani. "Sikukatazi," nilisema.

Aliondoka na shangazi kwa gari la asubuhi. Tulibaki mimi na mdogo wangu wa kiume, na kwa siku nyingi nilisonga ugali wa watatu, tukala kiporo kila asubuhi bila kulisema.